Ua kwa Nyumba Isiyo na Ua: Nastashamu Katika Vikapu vya Kutundika

Miji yetu ya Pwani imepanda juu. Familia ambazo kizazi kilichopita zilikaa nyumba zenye uwani, kisima na kivuli cha mkunazi, leo nyingi zinakaa orofa ya tatu au ya nne, na nafasi pekee ya wazi iliyo mikononi mwao ni roshani ya hatua mbili tatu ambamo huanikwa nguo na kupangwa madumu ya maji. Mwanamke aliyelelewa akichuma asmini jioni na kukata mrehani wa kutia katika vikuba hujikuta hana hata mahali pa kufukia mbegu moja. Watoto wake nao wanakua wakidhani kwamba kotmiri huzaliwa sokoni.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu apandaye mti au aoteshaye mmea, kisha akala humo ndege, mwanadamu au mnyama, basi hicho kilicholiwa huandikwa kuwa ni sadaka yake. Mlango huo wa kheri haukufungwa kwa wakaao ghorofani. Ikiwa ardhi haipatikani chini, yawezekana kuitundika juu, kwenye boriti au kulabu, ndani ya kikapu kimoja cha upana wa sentimita 30.

Makala haya yanamwelekeza mtu ambaye hajawahi kupanda kitu, namna ya kuotesha nastashamu katika kikapu cha kutundika. Tumeuchagua mmea huu kwa sababu tatu. Mbegu zake ni kubwa na hata mtoto wa chekechea aweza kuzipanda, huota upesi, na wote huliwa, majani, maua na mbegu mbichi. Lakini si mmea wa kila mwezi katika joto letu, na anayetaka kufaulu hapana budi ajue wakati wake na mahali pake.

Mmea wenyewe

Nastashamu asili yake ni milima ya Andes, huko Amerika Kusini, na wataalamu wa mimea huiita Tropaeolum majus. Katika maduka ya agroveti pakiti yake huandikwa Nasturtium. Majani yake ni ya mviringo, yamebebwa na kikonyo katikati mfano wa mwavuli, na tone la maji likiangukia juu yake huviringika kama lulu bila ya kulowesha, kama tuonavyo kwenye jani la myugwa. Maua yake ni ya rangi ya chungwa, manjano au nyekundu iliyoiva. Ni jina la Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi wa karne ya 18, lililobaki kwenye mmea huu: aliyaona majani yake kama ngao na maua yake kama kofia za chuma za askari, zikiwa zimetundikwa kwa kusherehekea ushindi.

Binti yake, Elisabeth Christina, ndiye aliyeona jambo ambalo baba hakuliona. Mwaka 1762, akiwa hajatimiza miaka 20, alichapisha katika jarida la Chuo cha Sayansi cha Uswidi maelezo ya namna maua ya nastashamu yanavyoonekana kumetameta mara moja moja wakati jua linapozama. Wataalamu waliofuata walieleza kuwa mmeto huo hautoki kwenye ua. Ni jicho la mwanadamu linalobadilika kwa uchache wa nuru. Mwenye kikapu cha nastashamu roshani aweza kulitazama jambo hilo na wanawe karibu na adhana ya magharibi, akawafunza kuwa hata msichana mdogo akitazama kwa makini aweza kuiongezea dunia elimu.

Usiitarajie harufu ya asmini au mkadi. Hili ni ua la jicho na la ulimi.

Wakati wa kupanda

Nastashamu hupenda ubaridi. Joto linapozidi nyuzi 30 hivi, majani hugeuka manjano na maua hukoma. Mombasa, miezi ya Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na mmea huu ukipandwa wakati huo hutaabika bure. Bali mwezi wa Julai na Agosti joto hushuka hadi nyuzi 27 au 28, na usiku huwa na ubaridi wa kufaa. Huo ndio msimu wake.

Kwa hiyo tia mbegu kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni, mvua kubwa za masika zikishapungua na upepo wa kusi ukishakamata. Maua huanza baada ya wiki nane hadi kumi, yaani Agosti, na huendelea hadi kaskazi inaporudi na joto lake. Jamaa zetu walioko milima ya Taita, ambako hali ni ya baridi zaidi, wana msimu mrefu kuliko wetu.

Joto likirudi na mmea ukanyauka, usijilaumu. Nastashamu ni mmea wa msimu mmoja. Hufa ukishaacha mbegu. Kikapu hicho hicho chaweza kupokea mrehani, ambao hustahimili joto letu.

Mahali pa kutundika

Kusi ina kheri ya ubaridi, lakini ina shari ya upepo. Huvuma kutoka kusini ukibeba chumvi ya bahari, na huvunja vikonyo laini. Isitoshe, miezi ya Juni hadi Agosti jua kwetu hupita upande wa kaskazini, hivyo ukuta wa kusini hubaki kivulini mchana kutwa.

Mambo mawili hayo yanatupa jibu moja: tundika kikapu upande wa kibla. Hapa Pwani ya Kenya kibla ni kaskazini karibu kamili, na kila mwenye kuswali nyumbani kwake anaujua upande huo bila ya dira. Roshani inayoelekea kibla hupata jua la msimu huo na hukingwa na nyumba yenyewe dhidi ya kusi. Iliyo bora zaidi ni inayoelekea baina ya kibla na matlai, kwa kuwa hupata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Saa nne au tano za jua la asubuhi zinatosha.

Kisha pima uzito. Kikapu cha upana wa sentimita 30 huchukua kiasi cha lita saba za udongo, na udongo huo ukilowa, kikapu huweza kufika kilo nane au zaidi. Uzito huo ukianguka kutoka orofa ya tatu ni hatari ya mauti kwa anayepita chini. Katika nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, usitie msumari kwenye lipu ya chokaa, kwani humomonyoka. Funga mnyororo kwenye boriti iliyo nzima. Katika nyumba za saruji, tumia kulabu ya skrubu iliyokazwa ndani ya dari au boriti ya zege. Usitundike kwenye kamba ya nguo wala kwenye bomba la maji. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, muombe mwenye nyumba idhini kabla ya kutoboa, ili siku ya kuhama pasiwe na mvutano juu ya amana yako. Tundika upande wa ndani wa ukingo, kamwe si nje yake.

Kikapu na bitana yake

Kikapu cha waya kilichotengenezwa kwa kazi hii kinapatikana kwenye vitalu vya maua, lakini si lazima. Ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, iliyotobolewa matundu sita au manane chini kwa msumari uliopashwa moto, inafaa vizuri. Kikapu cha plastiki cha sokoni kinafaa pia. Pakacha la makuti ni zuri kwa kutazamwa, lakini huoza kabla ya msimu kwisha, na kikapu kinachooza juu ya vichwa vya watoto si cha kuaminiwa.

Kikapu chenye nafasi wazi huhitaji bitana ya kuzuia udongo. Pwani tumejaaliwa makumbi ya nazi, nayo ndiyo bitana bora: hushika maji na hupitisha hewa. Tahadhari moja tu: makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi ya bahari. Yaloweke katika maji baridi siku mbili, ukiyabadilisha maji mara kadhaa, ndipo uyatumie. Bora zaidi ni makumbi makavu ya nazi ulizozifua nyumbani.

Udongo, samadi na tahara

Anayeanza hudhani kuwa mmea hupendezwa na mbolea nyingi. Nastashamu ni kinyume chake. Ukiulisha mno utapata majani mapana kama visahani na maua ya kuhesabu kwa vidole. Hutaka udongo wa wastani unaopitisha maji: sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya mchanga wa mtoni au wa machimbo uliooshwa, na sehemu moja ya mboji. Usichote mchanga wa ufuoni. Una chumvi, na una chembe za matumbawe zinazoutia udongo chokaa nyingi.

Hapa pana jambo linalomhusu kila mwenye nyumba ya Kiislamu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunaifuata hapa Pwani, kinyesi cha mnyama ni najisi, hata akiwa ng'ombe au mbuzi. Samadi ardhini shambani haimsumbui mtu. Lakini kikapu kinaning'inia, na kila kinaponyweshwa hudondosha. Maji yaliyopita katika samadi yakidondokea kanzu iliyoanikwa, mkeka wa kuswalia au buibui la jirani wa orofa ya chini, umeyatia najisi mavazi ya watu bila ya wao kujua. Jirani ana haki kubwa juu yetu, na haki hiyo haikatiki kwa kuwa yeye yuko chini na sisi tuko juu.

Kwa bahati njema, mmea huu hauhitaji samadi. Tumia mboji ya jikoni: maganda ya viazi na ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, majani makavu, vikiachwa kwenye ndoo yenye matundu hadi vigeuke udongo mweusi usionuka. Anayependa kutumia samadi na akawa na shaka juu ya hukumu yake, na amuulize sheikhe wa mtaa wake.

Kutia mbegu

Mbegu ya nastashamu ni kubwa kama punje ya mbaazi, ina mikunjo, na ganda lake ni gumu. Fuata hatua hizi:

1. Loweka mbegu nne katika kikombe cha maji usiku mmoja, usizidishe.

2. Jaza udongo ndani ya kikapu, ubakishe nafasi ya vidole viwili juu ili maji yasimwagike.

3. Toboa mashimo manne ya kina cha sentimita moja na nusu, karibu na ukingo, yakiachana sawa sawa. Tia mbegu moja katika kila shimo na uifukie. Mbegu hii huota vyema gizani.

4. Nyunyiza maji taratibu, ukiweke kikapu mahali penye mwangaza, na uhifadhi unyevu. Chipukizi hutokeza baada ya siku saba hadi kumi na nne.

5. Zikiota zote nne, ng'oa iliyo dhaifu. Mimea mitatu yatosha kikapu kimoja.

Panda moja kwa moja ndani ya kikapu. Usioteshe kwingine ukahamisha, kwani mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Unaponunua mbegu, angalia aina. Zile zinazotambaa, kama zile za jamii ya Gleam, huteremka pembeni ya kikapu na kukifunika. Aina fupi kama Alaska, yenye majani ya madoadoa meupe, hukaa kama kichaka na hufaa ikiwa roshani ni ndogo. Mmea ukifika urefu wa kiganja, kata ncha zake ili uchanue matawi.

Maji

Kwa wakazi wengi wa Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu, na ndoo ya maji baridi ina thamani yake. Si haki kumnyima mtoto maji ya kuoga ili ua linywe, na Qur'ani Tukufu imetukataza israfu. Lakini ziko njia.

Kikapu kinachotundikwa hukauka upesi kuliko chungu kilicho chini, kwa sababu upepo hukizunguka pande zote. Kila asubuhi ingiza kidole ndani ya udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ngoja. Ukihisi ukavu, nywesha kiasi cha lita moja, taratibu, mpaka maji yaanze kudondoka chini. Lita hiyo yaweza kuwa ya maji uliyooshea mchele au mboga. Yaweza pia kuwa ya udhu: weka beseni chini unapotawadha, maji yakusanyike. Kwa mujibu wa madhehebu yetu maji hayo ni tahiri, ijapokuwa hayafai kutawadhia mara ya pili, na mmea huyapokea kwa shukrani. Familia ya watu watano yenye kutawadha nyumbani haiwezi kukosa lita moja kwa siku.

Yasifae maji ya visima vyenye chumvi. Nastashamu ikinyweshwa hayo, ncha za majani huungua na kugeuka kahawia. Yasifae pia maji ya kufulia yenye sabuni ya unga.

Mbu na wadudu

Wengi huweka kisahani chini ya kikapu ili kuzuia matone. Ni adabu njema kwa jirani, lakini maji yasilale humo. Mbu wanaoeneza dengi na chikungunya huzaa katika maji machache yaliyotuama majumbani, na wakazi wa Mombasa hawajasahau chikungunya ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, iliyowaacha watu na maumivu ya viungo kwa miezi. Mwaga maji ya kisahani kila unapomaliza kunywesha, na ukisugue kwa brashi mara moja kwa wiki, maana mayai ya mbu hao hugandama ukingoni hata maji yakikauka.

Adui wa nastashamu yenyewe ni vidukari, wadudu wadogo weusi au wa kijani wanaojazana chini ya majani na kwenye vichipukizi. Waoshe kwa maji ya nguvu kidogo, au wapanguse kwa kitambaa kilichochovywa maji yenye matone ya sabuni ya vyombo. Viwavi waondoe kwa mkono. Usipulize dawa ya sumu kwenye mmea unaokusudia kuula.

Jikoni

Jani la nastashamu lina ukali unaofanana na wa figili au haradali. Chukua majani machanga matatu manne, yaoshe, uyakatekate ndani ya kachumbari pamoja na ndimu. Utaona pilipili haihitajiki sana. Maua yake ni mepesi zaidi kwa ukali na ni pambo la sahani ya samaki wa kupaka au saladi ya wageni. Angalia ndani ya ua kabla ya kulitia mezani, kwani sisimizi hufuata utamu wake. Mbegu zikiwa bado mbichi na za kijani huloweshwa maji ya chumvi siku moja, kisha hutiwa ndani ya siki, zikawa achari.

Aliye na vidonda vya tumbo au maradhi ya figo aepukane nayo, na watoto wachanga wasipewe. Anayeonja mara ya kwanza aanze na jani moja. Wafunze watoto pia kwamba si kila ua huliwa. Oleanda, inayopandwa sana kwenye nyua na kando ya barabara zetu, ni sumu kali kuanzia jani hadi ua. Ruhusa ya kuchuma na kula iwe ni kwa kikapu hiki tu, na kwa idhini ya mkubwa.

Mbegu za mwakani

Maua yakinyauka, kila moja huacha mbegu tatu zilizoshikana. Ziache hadi ziwe za rangi ya udongo na zianguke zenyewe kwa kuguswa. Zitenganishe, zianike kivulini siku kumi, kisha zitie ndani ya bahasha ya karatasi. Unyevu wa Pwani huziozesha upesi, kwa hiyo weka bahasha hiyo ndani ya chupa yenye kifuniko, pamoja na kiganja cha mchele mkavu wa kunyonya unyevu, uihifadhi mahali pa baridi.

Kikapu kimoja kilichotunzwa vyema hutoa mbegu nyingi kuliko mahitaji ya nyumba moja. Zigawe kabla ya Mei: tatu kwa jirani wa mlango wa pili, tatu kwa mwalimu wa madrasa, tatu kwa shangazi anayekaa peke yake tangu wanawe kuolewa. Kwa huyo wa mwisho, mwende mkazipande pamoja naye, na mtoto mmoja wa nyumbani kwako apewe jukumu la kwenda kumnyweshea kikapu siku za Jumamosi. Wallahi, katika hayo huenda mmea ukawa ndio faida iliyo ndogo kabisa.

Wabillahi tawfiiq.